Gunzi la Tangi

Kila ninapotia petroli, ile harufu hunirudishia gunzi la mahindi.

Mama alikuwa ameshikwa na uchungu, na baba, dereva wa shamba la kahawa Ruiru, alikuwa ameruhusiwa kumpeleka hospitali Thika kwa pikapu ya shamba, mimi katikati yao. Lakini gari lilizimika njiani tena na tena. Kila mara baba alishuka, akachomoa gunzi tulilozibia tangi badala ya kifuniko kilichopotea, akachungulia, akakuta petroli ipo. Alilirudisha, akazungusha hendeli, gari likawaka, likaenda kidogo, likazimika.

Mara ya tatu mama alisema, meno yameumana, "Baba watoto, ukilichomoa hilo gunzi, tangi linavuta pumzi. Nililikaza mno kwa kitambaa. Hata uji hautoki kibuyuni kama hewa haiingii."

Baba alimtazama, kisha akalitoboa gunzi kwa msumari.

Pikapu ilipita mikonge yote ya Juja bila kukohoa. Tulipofika, mama aliingizwa ndani, lakini baba hakuzima injini. Alisimama kando ya gari, mkono juu ya boneti, mpaka aliposikia kichanga kikilia.