Moshi wa Chisenga

Asubuhi zetu kisiwani Chisenga zilianza na maswali kabla ya moto. Tulikuwa familia nne, tumeunganisha nyavu na mitumbwi, umoja huo tukauita kampani, na mume wangu, Baba Mwape, ndiye aliyeiongoza. Kabla hatujawasha moto wa kukaushia samaki, alituketisha mchangani na kuuliza: huko nje ya kampani, nani anataka nini leo? Nilikuwa namtania kwamba anaendesha serikali ya samaki. Lakini nilipenda sana kumsikiliza.

Ilikuwa miaka ya hamsini ikielekea mwisho. Ng'ambo, upande wa Nchelenge, vijana wa siasa walikuwa wamechoma kituo cha walinzi wa uvuvi, na askari wenye bunduki walikuwa wameletwa kuwasaka. Sisi tulikuwa na samaki tele walioanza kulegea. Wasingepata moshi asubuhi ile wangeoza, na jasho letu la msimu mzima lingeoza pamoja nao.

"Batu ba Kasenga bakiona moshi, batakuya," alisema Baba Mwape. Hao walikuwa wanunuzi wetu wa upande wa Kongo.

"Na basoda je?" niliuliza, nikiwawaza wale askari.

"Basoda banatafuta bale bajeune ba siasa. Hapana sisi."

"Na bale bajeune?" Vijana nao walinitia wasiwasi.

"Banakataza kuuzia muzungu. Batu ba Kasenga hapana bazungu, Mama Mwape."

Kila jibu lilikuwa sahihi. Tukawasha moto.

Hakukuwa na upepo, kwa hiyo moshi ulipanda wima na kuonekana mbali. Vijana waliokuwa wamejificha kwenye matete ya ng'ambo waliuona, wakajua kuna watu na chakula, wakapiga kasia kuja kwetu. Askari nao waliuona, wakauona na mtumbwi wa vijana ulioufuata.

Tukasikia mashine ya boti.

Baba Mwape alidhani ni wanunuzi. Akateremka ufukweni na samaki mkononi, kama alivyowapokea siku zote.

Niliwaona askari ndani ya boti, nikamwita. Hakusikia.

Bunduki ililia mara moja, kisha nyingi.

Vijana waligeuza mtumbwi, wakatokomea matetini. Mume wangu hakuinuka.

Mpaka leo watu wa ufuko huu husema moshi ndio uliomuua. Huwa nakasirika. Moshi haufyatui bunduki. Ila nimekifikiria kile kikao chetu miaka mingi. Tulimpima kila mtu peke yake, huyu na haja yake, yule na haja yake, na hakuna aliyeuliza wao kwa wao wanatazamana vipi. Namlilia bado, na hasira haijaisha.

Samaki walikauka vizuri. Boti ya Kasenga ilifika alasiri, kama alivyosema mume wangu, na mwenye boti akashuka akicheka, akaniuliza, "Baba Mwape eko wapi?"