Mikanda ya Paa la Mtinko

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kinachonipandisha kama kompyuta kuniuliza maswali nikiwa na haraka. Siku nilipofungua modeli yangu ya zamani ya madarasa, mchoro wa jengo zima ndani ya kompyuta, kwenye toleo jipya la programu, lilitokea onyo refu, mistari kama kumi. Sikulisoma. Nilibofya Sawa, madarasa yakafunguka yakiwa mazuri kuliko mwanzo, kuta zimenyooka, madirisha yanang'aa. Nikahifadhi, nikachapisha ramani, nikaipeleka kijijini Mtinko, ambako shule ilikuwa inajenga madarasa mapya.

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo, hapa Singida mjini. Mimi si injinia, ingawa kijijini mwanamke akishuka na kofia ngumu anaitwa injinia, nami sikuwahi kuwakatalia. Modeli ile niliichora miaka mingi nyuma na nimeitumia tena na tena, maana darasa ni darasa. Shida ni programu. Kila baada ya muda linakuja toleo jipya, la zamani linagoma kwenye kompyuta mpya, na mchoro wako inabidi ugeuzwe ndipo ufunguke.

Sasa, ndani ya modeli kulikuwa na kitu ambacho programu haikuja nacho, nilikichora mwenyewe: mikanda ya chuma inayofunga kenchi, zile fremu za mbao za paa, kwenye lenta, lile zege linalozunguka juu ya kuta. Upepo wa Singida hauna adabu. Paa ambalo halijafungwa vizuri hulinyanyua zima zima na kulitupa shambani kwa mtu.

Nikisema nilikichora mwenyewe, nasema nusu ya ukweli. Wazo lilikuwa la fundi mmoja wa Mtinko, mzee wa rika la baba yangu. Kwenye jengo la kwanza tulilojenga pamoja nilimkuta amekata vipande vya chuma na kuvizamisha kwenye zege bichi la lenta, vikingojea kenchi. Ramani yangu haikuwa na kitu kama hicho. Nilimfokea mbele ya kamati nzima ya ujenzi. "Fundi, fuata ramani! Usiongeze kitu cha kichwani mwako!" Aliniangalia tu, akasema, "Sawa, mwanangu." Akavitoa. Wiki ileile upepo uling'oa paa la jirani. Nikampigia simu avirudishe, kisha nikakaa ofisini nikaichora mikanda yake kwenye modeli. Sikumwomba radhi, wala sikumwambia mtu yeyote ilikotoka.

Miezi kadhaa baada ya kuipeleka ile ramani mpya, asubuhi moja niliwasha kompyuta ya zamani kutafuta mchoro mwingine, nikajikuta nimefungua modeli ya madarasa. Mikanda ilikuwepo, imejipanga juu ya kuta. Nikafungua ile iliyogeuzwa. Hakuna hata mmoja. Programu mpya haikuitambua, ikaiacha, na ilikuwa imeniambia kwenye lile onyo. Mtinko paa lilishaezekwa, watoto walishaingia, na msimu wa upepo ulikuwa umeanza.

Nilimpigia mwalimu mkuu awatoe watoto mle ndani mara moja, nikapanda bodaboda. Njia nzima nilikuwa na tumaini moja tu: kwamba fundi, maana ni yeye yule aliyejenga, ni mbishi. Kwamba ameiweka mikanda yake kwa ukaidi, kama siku ile niliyomfokea.

Nilimkuta anapiga lipu nyumba ya mwalimu, palepale shuleni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, injinia. Mbona umepauka hivyo?"

"Baba, kwenye madarasa mapya, mikanda ya paa uliweka?"

"Haikuwemo kwenye ramani."

"Lakini wewe upepo wa hapa unaujua!"

"Naujua," alisema, akaweka mwiko chini. "Nilivyoona haimo nilikaa siku mbili nawaza. Halafu nikakumbuka ulisema nisiongeze kitu cha kichwani mwangu. Nikasema labda huko mjini mmepata njia mpya."

Hakuwa ananisuta. Angenisuta ningejitetea, maana mdomo ninao. Alikuwa ananieleza tu alivyonitii, na mimi nililia pale pale mbele ya vibarua wake.

Kazi ya kurekebisha ilianza siku iliyofuata. Watoto walibanana kwenye madarasa ya zamani huku fundi na wenzake wakibandua bati za pembeni, wakitoboa lenta na kufunga kenchi moja moja kwa mikanda na bolti. Kila upepo ulipovuma nilisimama nikaangalia juu. Kamati ya ujenzi ikaja kuuliza kwa nini jengo jipya linafumuliwa, wengi wao walewale wa siku ile. Nikawaambia kosa ni langu, sikusoma onyo. Nikawaambia pia kwamba mikanda hii ni ya fundi tangu mwanzo, mimi niliichora tu, na kwamba nilimfokea kwa jambo alilokuwa sahihi.

Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa amechuchumaa ananyoosha misumari iliyong'olewa.

"Basi hilo nalo liandike kwenye kompyuta yako," alisema, "lisije likapotea tena."

Nimeliandika, pembeni ya mikanda, kwa jina lake. Kila toleo jipya likija, kabla sijaangalia kuta wala madirisha, namtafuta yeye kwanza.