Harufu ya Spiriti

Tangu azaliwe, fundi wa vanishi hakuwahi kunywa pombe, lakini kila alipotoka na mwanamke alijitetea kama mshtakiwa: mara anatumia dawa, mara tumbo haliitaki. Safari hii alijikaza. Mhudumu alipofika, akasema bila kupepesa macho, "Mimi soda. Pombe sijawahi hata kuionja."

Mshonaji aliyeketi mbele yake akatabasamu, akaagiza soda pia, akasogeza kiti karibu. Ghafla tabasamu likamfifia.

"Hujawahi kuionja, na unanuka hivi?"

Kutwa nzima fundi alikuwa akichanganya vanishi na spiriti, na harufu ile, inayofanana na ya pombe kali, haisikii sabuni. Pua yake mwenyewe ilishaizoea.

"Ni kazi yangu, dada. Ni spiriti ya vanishi."

"Baba watoto wangu naye hakukosa maelezo," mwanamke akajibu taratibu, akichukua mkoba wake. "Tena aliyatoa kwa kujiamini, kama wewe."

Soda zikaletwa mbili. Fundi akazinywa zote polepole, asionekane ameachwa. Asubuhi akarudi karakana kung'arisha kitanda cha maharusi, kipana, huku amejifunga kitambaa puani kwa mara ya kwanza.