Rangi za Ng'ombe wa Baba

Nilifeli mtihani wa saikolojia ya ujifunzaji, tena kwenye sura ya kumbukumbu. Mimi mwalimu, ninayewafokea watoto wa darasa la nne hapa Bunda kwa kusahau jedwali la kuzidisha, nilisahau kwa nini binadamu husahau. Nikapewa nafasi moja ya kurudia. Nikikosa tena, shahada niliyoihangaikia miaka yote kwa elimu ya masafa ingeishia hapo.

Lawama nikalitupia daftari. Nikasema nitasomea kwenye kishikwambi, ila kwanza nipate programu inayofaa ya kuandikia. Wiki tatu zikakatika nikichagua. Ya kwanza ilikuwa tamu mpaka nilipofungua daftari la nne, ikadai kulipwa. Ya pili iligeuza mwandiko wangu kuwa chapa, lakini Kiswahili haikujua: "kumbukumbu" ikawa neno la Kizungu ambalo nilipolitafuta niliambiwa ni tango. Ya tatu ilirekodi sauti yangu nikisoma. Nilipoisikiliza, nusu nzima ilikuwa miayo. Ya nne ilikuwa na rangi ishirini na nne za kupaka juu ya maandishi. Hiyo niliipenda papo hapo, nikapaka bila huruma.

Wiki moja kabla ya mtihani nilikwenda Butiama kumwona baba. Baba hajui kusoma, lakini hakuna kitu anachopita bila kukichungulia. Akavuta kigoda, akautazama ukurasa wangu.

"Mama," akasema, maana nina jina la mama yake, "hii njano ni ya nini?"

"Ni maana ya neno, baba. Au ni mfano."

"Na hii kijani?"

Nikakohoa.

"Na hii pinki?"

"Shikamoo, baba."

"Si ulishaniamkia? Mimi nilikuwaga na ng'ombe arobaini, hakuna hata moja nilishindwaga kuijua. Wewe unashindwa na karatasi?"

Nilikasirika sana, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Basi akaanza kunipangia kwa rangi za ng'ombe wake. Nadharia zinazonichanganya ziwe nyekundu, kwa kuwa nyekundu ndiye aliyekuwa akiingia kwenye mihogo ya watu. Maana za maneno ziwe za kahawia, yule mpole wa maziwa. Mifano iwe ya kijivu, ndama wake. Alitaka na dume jeusi. Nikapaka, mistari mitatu ikapotea kabisa.

"Na ile nyeupe?"

"Haionekani, baba."

"Basi hiyo tuuze."

Tukacheka. Ng'ombe wote hao walishauzwa kitambo, mmoja mmoja, ili mimi na wadogo zangu tusome. Nyekundu aliondoka mwaka nilioingia chuo cha ualimu. Pale palipokuwa na zizi sasa pana mchicha.

Siku hiyo hiyo nilifuta programu zote nne, nikapakua ya tano, nyonge tu, yenye rangi chache. Nikapaka upya kwa rangi za baba.

Kwenye chumba cha mtihani Musoma, swali la kwanza lilitaka nieleze nadharia za kusahau. Kichwani hakuna kitu. Nikafumba macho. Nikamwona nyekundu katikati ya mihogo, anatafuna bila aibu, nikamfuata. Nyuma yake akaja wa kahawia, na ndama wake. Niliandika mpaka vidole vikauma. Mahali pamoja niliandika "ndama" badala ya "mfano", nikakata upesi kabla msimamizi hajafika.

Matokeo yalipotoka nikampigia baba.

"Baba, nimefaulu."

Hakuuliza alama. "Ile nyekundu uliipata?"

"Niliipata, baba. Kwenye mihogo."

"Na ile ya kahawia, na ndama yake?"

"Zote zilikuja."

Nikamsikia akivuta kigoda.

"Mimi nilikuwaga nadhani nimeziuza," akasema.