Leokadia na Neno la Mkia

Leokadia wa Bukoba anasomea udaktari hapa Guangzhou kwa ufadhili. Jumamosi hunitafsiria kwenye soko la jumla la Shisanhang ninapochukua nguo za biashara, na Kichina chake huwanyoosha mabosi wenye bei za kukomoa. Binti haogopi mtu. Aliogopa neno.

Kwenye chumba cha maiti chuoni kwao, wanafunzi humwinamia marehemu kwanza na kumwita mwalimu, maana alijitolea mwili wake wausomee. Leokadia akakataa. "Mimi Mkatoliki, siinamii maiti." Akasimama wima, wenzake wote wameinama. Siku hiyohiyo wakafundishwa neno caudal, yaani upande wa chini wa mgongo. Limetoka kwenye Kilatini, cauda, mkia.

"Kilatini si lugha ya mapadri?" nikamuuliza. "Padri anatafuta nini mkiani?"

"Anti, nisikilize. Ng'ombe ukisema kuelekea mkiani, sawa. Kumbe na sisi tunao. Vifupa vidogo, vimejikunja ndani. Nilivigusa vya yule bibi marehemu wetu."

"Ehe?"

"Vyangu vikabanwa. Kwa vidole viwili. Vya baridi."

Nikacheka, kisha nikaacha. Tulikuwa kwenye metro, viti vitupu, naye kasimama, mkono nyuma ya kiuno.

Kila alipomgusa bibi hapo, naye alibanwa hapohapo. Na mtihani wa vitendo ulikuwa Jumatatu: aonyeshe upande huo kwa mkono, walimu wakimtazama. Akishindwa, ufadhili unakatwa, anarudi kwao.

"Kwani Bukoba wazee hamwapigii magoti mkiwasalimia?"

"Tunapiga."

"Sasa mama wa watu kalala kifudifudi, unampapasa mkiani bila hata shikamoo! Ningekuwa mimi ningekuzaba kofi."

"Amekufa, Anti."

"Basi nani anakubana?"

Akageuka kutazama nyuma yake.

Jumatatu akapiga simu, sauti iko chini. Alipofika mezani kwa bibi alipiga goti kama kwao, akasema kwa Kiswahili, "Shikamoo, mwalimu." Akabaki pale chini. Walimu wakatazamana. Mmoja akamuuliza anangoja nini.

"Na ulikuwa unangoja nini?" nikamuuliza na mimi.

"Aitikie."

"We mtoto!"

"Halafu nikanyanyuka, nikamgusa. Nikataja neno na mkia wake wa Kilatini. Nimefaulu, Anti."

"Kwa hiyo aliitikia?"

Nikasikia akivuta kiti, akaketi.

"Aliniachia," akasema.