Glavu za Chepkurui

Chepkurui alikuwa mke wangu. Alikufa mwezi wa tatu, kifua. Mambo ninayoandika hapa siyo yaliyomuua. Fancy, ambaye waliuza aiskrimu pamoja, ameniomba niandike ile habari ya mkono ili wauzaji wapya wasomewe. Mimi kusoma nilijifunzia gumbaru, shule ya watu wazima, kwa hivyo nitaandika kidogo.

Tulikaa Lanet, nyuma ya kambi ya jeshi. Robo ekari, ua wa kayaba, ng'ombe mmoja mweupe anaitwa Malel. Malel ana kichwa ngumu. Alikubali mikono ya Chepkurui peke yake. Mtu mwingine akishika chuchu, anazuia maziwa, halafu anapiga ndoo teke. Chepkurui alikama asubuhi, akanipa chai, akaenda depo mjini kuchukua mkokoteni wa aiskrimu. Jioni akakama tena. Miaka tisa hivyo.

Mikono yake ilijulikana. Sufuria ya ugali aliepua bila kitambaa. Thabai, yale majani ya kuwasha, alichuma kama sukuma wiki. Wanawake wa kanisa walisema ana mikono ya chuma. Alipenda kusikia hivyo.

Kwa mkokoteni aiskrimu haikai na barafu ya friji. Inakaa na barafu kavu. Ni vipande vyeupe kama chaki, vimefungwa kwa gazeti. Havigeuki maji. Vinatoa moshi mpaka vinaisha. Depo ilimpa kila muuzaji jozi moja ya glavu nene za ngozi, na kwa ukuta wameandika usishike na mkono mtupu.

Jumapili moja kayaba ilikuwa imefunga njia. Ile miiba inatoboa hata kiatu. Nikamwambia Chepkurui anipe glavu zake.

"Chukua," akasema. "Lakini urudishe kwa mfuko wangu."

Nilikata ua mpaka jioni. Glavu nikaziacha juu ya ua. Sikurudisha.

Ya Jumatatu nilielezwa na Fancy, maana yeye ndiye alikuwa nyuma yake kwa laini. Jamleck, kijana wa stoo, alikuwa anagawa barafu.

"Mathe, glavu?" akauliza.

"Mzee anakatia kayaba."

Laini yote ikacheka. Fancy akasema, "Kumbe mzee ndiye ana ngozi ya mtoto! Na wewe je?"

"Mimi naepua sufuria na mkono. Barafu ni nini?"

"Mathe, hii si barafu ya kunywa na soda," Jamleck akasema. "Ngoja nikutafutie glavu za stoo."

Akaingia ndani. Chepkurui hakungoja. Alikuwa ametoka kunawa kwa mfereji, kwa sababu depo inataka unawe kabla ya kugusa boksi, na mikono ilikuwa bado na maji. Akachukua kipande. Gazeti likapasuka. Kipande hakikuingia vizuri kwa kona ya mkokoteni, akakishikilia hapo akisukuma aiskrimu na mkono ule mwingine.

Fancy anasema hakulia. Alisema tu, "Mbona inanishika?" Maji ya mkono yalikuwa yameganda na ile barafu. Akavuta. Vidole vikabaki vyeupe kama mshumaa. Hapo hakusikia uchungu. Hiyo ndiyo inadanganya watu.

Sasa akafanya kosa la pili. Nje ya geti kulikuwa na Akeyo anachoma mahindi. Chepkurui alizoea moto, na moto haujawahi kumfanya kitu. Akakimbia akaweka mkono juu ya jiko upate joto. Akaukalisha hapo, maana hakusikia kama ni moto.

Akeyo ndiye alisikia harufu. "Mama, toa mkono! Unaiva!"

Jamleck alifika na glavu kwa mkono, amechelewa. Akamtia mkono kwa beseni ya maji ya uvuguvugu. Uchungu ukaja hapo. Fancy anasema hajasikia mtu mzima akilia hivyo.

Hospitali daktari aliuliza mara mbili. "Ulishika barafu, halafu ukashika moto?"

"Ndiyo."

"Maji ya uvuguvugu tu, mama. Moto hapana, kusugua hapana. Umeungua mara mbili."

Alisema tungoje wiki tatu ndio tujue kama vidole vitakunja. Mkono wa kulia. Ule wa kukama.

Malel hangengoja wiki tatu. Jioni hiyo kiwele kilikuwa kimejaa. Chepkurui alisimama kando yake na bandeji mpaka kiwiko, akaniambia nikalie stuli.

"Ataniua," nikasema.

"Akikuua nitaolewa tena. Kaa."

Nikakaa. Nikapigwa teke la kwanza, ndoo ikaenda. Akaweka mkono mzima kwa mgongo wa ng'ombe akaanza kumsemesha, maneno ya nyumbani tu, ya mboga na ya mvua. "Anza chuchu ya nyuma," akaniambia. "Usivute. Kamua." Maziwa yakatoka, kikombe kimoja. Kesho yake vikombe viwili.

Wiki tatu ziliisha. Kidole gumba kilikunja, na cha pili. Kile kirefu na kile kinachofuata havikukunja tena. Chepkurui hakukama tena. Nilikama mimi, yeye akisimama kando akimsemesha Malel. Alirudi kuuza, na muuzaji mpya akija depo, Jamleck alimpeleka kwake kwanza. Alimnyooshea ule mkono, akasema, "Salimia." Mtu akishika vile vidole, anaenda kutafuta glavu mwenyewe.

Hakuniuliza hata siku moja glavu nilizitupa wapi. Mimi pia sikusema. Zilikuwa juu ya ua. Nilizitoa jioni ile aliyoungua nikazirudisha kwa mfuko wake.

Baada ya mazishi Fancy alizileta kutoka depo. Ngozi imeisha kwa vidole, isipokuwa vile viwili. Nimezitundika kwa msumari jikoni. Za kukatia kayaba nilinunua zangu.

Malel nakama mimi. Baada ya mazishi, bila sauti ya Chepkurui, alizuia siku nne. Sasa naanza chuchu ya nyuma, na ninamwambia habari ya mboga na ya mvua.