Folini: Mrefu Kulia, Mfupi Kushoto

Gunia lililolowa likianikwa juani hutoa harufu ya panya na pumba. Ndiyo harufu ya ghala la serikali pale Isansa, mwaka ule wa njaa baada ya vita vya Wazungu, nzige walipotumalizia ulezi shambani. Mama alikuwa kitandani na homa. Mdogo wangu Tito, wa miaka miwili, alikuwa ameacha hata kulia, na hilo ndilo lililomtisha mama. Alinipa kikapu akasema, "Usirudi nacho kitupu, mwanangu. Huyu hafiki keshokutwa."

Siku hizo hatukusimama mstari. Kila mtu aliweka kikapu chake chini kwa kufuata alivyofika, akaenda kukaa kivulini; kikapu kilimshikia nafasi na hakuna aliyethubutu kukisogeza. Changu kilikuwa cha tatu. Nilihesabu mara mbili. Magunia ya unga yalikuwa manne, nayo nikayarudia. Watu walipofika mia mbili nikaanza kuwahurumia wa nyuma.

Ndipo akaja Sajini, askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, aliyerudi kutoka Burma, kapewa kazi ya kugawa. Alivisukuma vikapu kwa buti, akanguruma, "Folini!" Hatukulijua neno. Akatufafanulia kwa fimbo: Mwingereza akilitamka, hata mgonjwa anaingia mstarini, mrefu kulia, mfupi kushoto. Tukapangwa kama gwaride, naye akaanza kugawa kutoka kulia. Sisi watoto tuliotumwa na mama zetu tukawa mkiani, na mimi mwisho kabisa.

"Kumbe unga unagawiwa kwa urefu?" aliuliza mama mmoja. "Basi mume wangu angekuwa amekufa zamani!"

Nikatoka mstarini. "Shikamoo, Sajini. Kikapu changu kilikuwa cha tatu."

"Kikapu hakina miguu."

"Mimi ninayo."

"Mifupi. Rudi mstarini!"

"Basi anzia kushoto. Huko vitani hamkufundishwa kugeuka nyuma?"

Wanawake waliangua kicheko. Sajini naye alicheka, lakini hakugeuka. Nikashusha bei: kibaba kimoja badala ya viwili alivyopewa kila mtu. Nusu kibaba. Hakununua.

Unga uliisha tukiwa tumebaki tisa. Sajini, uso umemshuka, aliyakung'uta magunia mwenyewe, tukagawana vumbi lenye nyuzi za katani. Mama alilipika uji. Tito alimeza vijiko vitatu. Kesho yake hakumeza.

Leo nina duka Tunduma, mpakani. Malori yamepanga foleni hadi nje ya mji, na madereva wakija kununua maji husema foleni inawaua. Nawasikia, nawarudishia chenji. Amri ile ya askari, folini, tumeifanya foleni, kitu cha kupanga, kukaa ndani yake na kukilalamikia. Dukani kwangu watu wakijaa, naanza na aliye mfupi kuliko wote. Warefu hununa. Mara nyingi mtoto mwenyewe katumwa soda tu, na nyumbani hakuna anayemngoja kwa njaa. Namhudumia kwanza hata hivyo, kisha namwambia akimbie.